Inchi ya Mshono

Hamtaamini, wapwa, na mjomba wenu hatawapigia magoti ili muamini. Ameshazoea. Aliposema ameona mbuzi juu ya paa la ghala alichekwa mtaa mzima, na mbuzi alipolia huko juu, waliocheka ndio waliokuja kuazima ngazi kwake. Basi vuteni viti. Hii ni habari ya mwanamke mmoja mfupi, fundi cherehani, aliyeikata meza yake ya kazi mchana kweupe akaigeuza gitaa la besi, la umeme, la kutetemesha vioo vya madirisha, na wala hajawahi kukaa hata nusu saa kwa seremala kufundishwa. Kila neno ni kweli. Palipo na chumvi, ni ile ya kuonjea tu.

Jambo moja mlijue mapema. Mjomba wenu hajui kuandika kimya kimya. Yeye na shule waliachana wakiwa bado wadogo, kila mmoja akiona mwenzake hamfai, na tangu hapo kila neno lazima alitamke kwa sauti kwanza ndipo kalamu ikubali. Na huandikia sebuleni kwa dada yake, juu ya meza hiyohiyo, ile iliyobaki. Kwa hiyo mwenye habari yuko hapa mgongoni anashona, na anasikia kila kitu. Mashine ikilia, mambo ni shwari.

Mtaani anaitwa Mama Futi. Jina limetokana na utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni. Huenda nao sokoni, huenda nao msibani, na siku moja alimpima daktari mabega huku daktari anampima presha. Ni dada mdogo wa mjomba wenu. Ana miaka arobaini na tisa, mikono mifupi, vidole vinene vyenye nguvu za koleo, na kimo ambacho ukimtafuta kwenye umati, mtafute pale panapoonekana hapana mtu.

Chumba chake cha mbele kina mashine mbili, moja ya kanyagio na moja ya umeme, sanamu ya kifua isiyo na kichwa iliyovalishwa sare ya shule, kopo la pini, na vielelezo vya karatasi ya kaki vimetundikwa ukutani kama ngozi za wanyama waliochunwa. Nyuma ya ukuta huo ndipo kilipo kisa. Upande wa pili ni ukumbi ambamo bendi ya mtaa hufanya mazoezi kila Jumanne na Jumamosi, saa tisa alasiri. Tarumbeta haipenyi vizuri ukutani, na maneno ya mwimbaji ndiyo hayapenyi kabisa. Besi hupenya. Halisikiki kwa masikio peke yake, hupanda kwa miguu ya kiti mpaka linakukalia kifuani. Kwa miaka ishirini mguu wa Mama Futi ulikanyaga mashine kwa mapigo ya besi lile, na wateja wake wakatembea mjini bila kujua kwamba suruali zao zimeshonwa kwa muziki.

Mpigaji wa besi alikuwa mtu mrefu aliyeitwa Mlingoti. Kila alipokuja kujaribu suruali aliliegemeza gitaa lake kwenye mashine akaingia nyuma ya pazia, na kila alipotoka alimkuta fundi amelishika. Siku ya kwanza alikunja uso. Siku ya pili alimwonyesha pa kuweka vidole. Baada ya hapo suruali za Mlingoti zikaanza kuwa na kasoro za ajabu zilizohitaji kujaribiwa mara nne, mara tano. Ndivyo fundi alivyojifunza. Suruali moja, wimbo mmoja.

Kisha Jumanne moja aliingia kiongozi wa bendi, mpuliza tarumbeta, ambaye wote humwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake. Alikuja kuagiza mashati sita mapya ya jukwaani.

"Vipimo unavyo," akasema. "Ila shati la sita liache kwanza. Mlingoti anahama mji, na gitaa lake anaondoka nalo."

Mama Futi alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine.

"Na nafasi yake?"

"Iko wazi. Jumamosi ya tatu kutoka hii inayokuja. Atakayekuja na gitaa lake mwenyewe akapiga nyimbo tatu bila kutuangusha, shati ni lake."

"Mimi naja."

Kapteni alivua kofia, jambo ambalo hulifanya akitaka kusema ukweli bila kumuumiza mtu. "Mama, kusema kweli vidole unavyo. Nimekusikia. Lakini gitaa la Mlingoti hulifikii mwisho wake. Ukitaka noti za chini kabisa unainama kama mtu anayechungulia kisima. Na magitaa ya dukani yote ni urefu huohuo."

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa Mama Futi na ambaye masikio yake yanafika mbali kuliko mkasi wake, alikuwa amesimama mlangoni tayari. Yeye alikuwa na besi la dukani, jekundu, linang'aa hadi unaweza kujinyolea ndevu kwa kujitazama humo.

"Dada," akasema, "gitaa si suruali. Halipunguzwi kiuno."

"Nani kakwambia?" akajibu Mama Futi. "Nguo ikikataa mwili, hukati mwili."

Wapwa, mtu anaweza kutaka mambo mengi kwa miaka ishirini: nyumba, gari, mume anayeongea. Dada yake mjomba wenu alitaka jambo moja tu, kukaa upande wa pili wa ukuta. Na sasa mlango wa upande huo ulikuwa umeachwa wazi kwa wiki tatu na siku chache, kisha ungefungwa na Kinyozi angekaa ndani.

Alianza siku hiyohiyo, kabla Kapteni hajafika kwake. Alijipima. Bega hadi kiwiko, kiwiko hadi ncha ya kidole, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kifua hadi nyonga mahali mbao itakapoegemea. Akachora kwenye karatasi ya kaki, akakata, akaibandika mwilini kwa pini, akasimama mbele ya kioo. Mteja mmoja aliingia kufuata sketi akamkuta amevaa gitaa la karatasi na anacheza. Mteja akatoka taratibu, akarudi kesho yake na mumewe.

Karatasi ilipunguzwa hapa, ikaachiwa pale, mpaka mkono wake mfupi ukafika mwisho wa shingo ya gitaa bila kunyooka wote. Uzi wa besi la Mlingoti ulikuwa na urefu wa inchi thelathini na nne, kutoka pale unapoanzia juu ya shingo hadi kwenye daraja, kile kipande cha chuma kinachoushika tumboni. La Mama Futi likatoka inchi thelathini kamili.

"Andika thelathini," akamwambia mumewe.

Sasa mumewe. Shemeji wa mjomba wenu ni msoma mita za maji. Ni mtu mpole, asiyeongea sana, na husikia raha pale tu namba zinapokubaliana. Mlingoti aliwapa siri ya mafundi wa magitaa. Shingoni hukingama vyuma vyembamba, wapigaji huviita freti, na haviwekwi kwa kukisia. Unaugawa urefu wa uzi kwa kumi na saba nukta nane na ushee, hapo ndipo chuma cha kwanza. Kilichobaki unakigawa tena kwa namba ileile, hapo ndipo cha pili. Hivyo hivyo hadi ishirini. Shemeji aliposikia hayo aliinuka kitini. Robo karne amesoma namba za watu wengine, leo ameletewa zake! Alikaa mezani na kikokotoo na kalamu nyekundu, akaandika namba ishirini nyuma ya bili ya zamani ya maji, akazihakiki kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na alipomaliza alikuwa anapiga mluzi. Mkewe hakuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Ubao ukawa tatizo. Mbao za dukani zilikuwa mbichi, zingepinda. Mama Futi akatazama meza yake ya kukatia nguo, ya mti wa msaji, kavu kama utani wa hakimu, pana kuliko kitanda. Akaitazama tena.

Shemeji aliporudi kazini jioni alisimama mlangoni na begi lake.

"Mama watoto, meza imepungua."

"Imepungua."

"Kiasi gani?"

"Inchi kumi na sita."

"Haya," akasema, akaweka begi. Mkisikia watu wanazungumza habari za ndoa njema, ndiyo hiyo.

Msumeno ulikuwa wa kuazima. Jiriwa ya kubania ubao haikuwapo, na hapo ndipo mjomba wenu alipoingia kwenye historia: aliukalia ubao. Kilo tisini na nne zilizotulia. Mama Futi akakata huku akizunguka, na kila alipofika kona alisema, "Kaka, sogea," na kaka akasogea. Seremala gani ana chombo kinachosogea kikiambiwa?

Shingo ilitaka mti mwembamba, ulionyooka, mgumu. Ulipatikana. Ulikuwa ni ubao wa ubavuni wa kitanda cha wageni, na mgeni wa kitanda hicho ni mmoja tu. Kwa wiki mbili mjomba wenu alilala sakafuni kwa ajili ya sanaa, na mpaka leo akigeuka mgongo wake hutoa noti.

Vyuma vyote vilitoka kwenye mzoga. Mlingoti alikuwa na gitaa la zamani lililoliwa na unyevu, tumbo limeoza, shingo imevunjika, akalileta limefungwa kwenye shuka. "Chukua viungo," akasema. Masikio ya kukazia nyuzi yalikuwa mazima. Daraja lilikuwa zima. Kinasa pia, kile kisanduku chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza, kilikuwa kizima. Freti zilikuwa zimegandamana na mti. Mama Futi hakutafuta koleo. Alichukua kile kidude chake kidogo cha kufumulia mshono, akachokoa chini ya kila chuma polepole, milimita kwa milimita, mpaka vyote ishirini vikatoka bila kupinda hata kimoja. Akavipanga kwenye mto wa pini.

Hizo siku, wapwa, nyumba ile ilikuwa na homa. Vumbi la msaji lilikuwa kwenye chai, kwenye kola za mashati, kwenye nyusi za shemeji. Mama Futi alishona asubuhi na kuchonga mchana. Alipiga msasa mgumu, kisha wa wastani, kisha mlaini, kisha akasugua kwa kipande cha jinzi. Ubavuni alichonga bonde ambamo mbavu zake zinakaa zenyewe. Ndani ya shingo alilaza chuma bapa ili nyuzi zisije kuivuta ikapinda. Kila tundu la freti alilikata kwa kufuata namba za mumewe, naye mumewe alisimama pembeni na ile bili, akisoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi: "Ya saba! Inchi tisa, nukta tisa, saba, saba!" Kinyozi akawa hana wateja, kwa sababu wateja wake wote walikuwa wamekuja kuchungulia dirishani.

"Inaelekea kuwa kabati," akasema Kinyozi.

"Kabati litakalokuvua shati," akajibu Mama Futi, na msasa haukusimama.

Ijumaa, siku moja kabla ya siku yenyewe, kila kitu kilikuwa mahali pake. Fundi redio wa mtaa, anayeitwa Fyuzi kwa sababu ya hasira zake fupi, alikuja asubuhi na waya, risasi ya kuchomelea na spika ya zamani. Akachomelea nyaya za kinasa, akaweka tundu la kuchomekea ubavuni, akasogea nyuma.

"Ukiligusa na likanguruma lenyewe bila kukoma, ondoa mkono," akasema. "Ukiligusa na likanyamaza, tumefaulu."

Liliwashwa. Spika ikaanza kuunguruma kama nyuki waliokosewa adabu. Mama Futi akaweka kiganja juu ya nyuzi. Kimya. Kimya safi. Kisha akauvuta uzi mnene kuliko wote.

Kopo la pini lilianza kutembea mezani. Wallahi lilitembea. Sanamu isiyo na kichwa ikatingisha mabega. Shemeji akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesahau kitu mfukoni. Na Mama Futi, mikono mifupi, vumbi kwenye nyusi, alicheka kicheko ambacho kaka yake hakukisikia tangu walipokuwa watoto na kuku akaingia darasani. Akapiga uzi wa pili, wa tatu, wa nne. Zote tamu. Akaanza wimbo wa kwanza, mkono wa kushoto ukitembea juu ya shingo bila kuinama popote, bila kuchungulia kisima chochote. Fyuzi mwenyewe akasahau kununa.

Kisha mkono ukashuka kuelekea tumboni mwa gitaa, kule kwenye noti za juu, na muziki ukaharibika.

Haukuharibika ghafla. Ulilegea. Kila freti aliyosogea, sauti ilizama kidogo chini ya mahali pake, kidogo, kidogo zaidi, mpaka alipofika freti ya kumi na mbili ikawa kama mtu anayeimba huku anashuka ngazi. Alirudi mwanzo wa shingo, tamu. Alishuka tena, imezama. Wimbo wa tatu wa bendi, ule wanaofungia, kiini chake chote kiko huko freti ya kumi na mbili.

Kutoka ng'ambo ya barabara ikaja sauti ya Kinyozi. "Dada! Besi lako limekunywa nini?"

Hakuna aliyecheka. Mama Futi alimgeukia mumewe. "Namba zako."

"Namba zangu zina nini?"

"Zimekosea."

Ilikuwa kama amemtukania mama yake. Shemeji alitoa ile bili, akaketi, akagawa upya zote ishirini. Zikatoka zilezile. Akagawa tena. Zilezile. Akachukua rula akapima kutoka mwanzo wa shingo hadi freti moja moja. Kila chuma kilikuwa mahali pake.

"Namba ziko sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Mke wangu, ziko sawa."

Mama Futi alikaa. Ukutani zilitundikwa kaki zake, na kupitia ukuta ule alisikia mtu akipanga viti vya kesho. Wiki tatu. Robo ya meza. Kitanda cha kaka yake. Na kesho saa tisa angesimama mbele ya Kapteni na kitu kizuri kisichoweza kumaliza wimbo.

Mjomba wenu, ambaye busara zake hutoka bila kutarajiwa hata na yeye mwenyewe, alikumbuka neno la Mlingoti. "Si alisema freti ya kumi na mbili ndiyo katikati ya uzi? Nusu huku, nusu huku?"

Mama Futi aliinua kichwa. Katikati? Kutafuta katikati ndiyo kazi yake ya kila siku. Fundi cherehani hapimi katikati, hukunja. Alivua utepe shingoni, akaunyoosha kutoka mwanzo wa uzi hadi kwenye daraja, akashika ncha hizo mbili, akazikutanisha, akaweka kikunjo juu ya shingo.

Kikunjo hakikuangukia freti ya kumi na mbili. Kilipita nusu inchi.

Akaukunjua utepe na kusoma namba pale daraja lilipo. Akasoma mara ya pili. Kisha uso wake ukaanza kufanya mambo ambayo mumewe alidhani ni kilio, akamkimbilia.

"Thelathini na moja," akasema Mama Futi. "Nimeweka daraja inchi thelathini na moja!"

"Lakini ulisema thelathini. Nimeandika thelathini."

"Wewe umeandika. Mkono wangu je?"

Hapo wote wakaelewa, na Fyuzi ndiye aliyeanza kucheka. Miaka thelathini, wapwa, mkono ule umekata nguo. Ukiambiwa thelathini hukata thelathini na moja, hiyo moja ni ya kuingia kwenye mshono, na hauombi ruhusa kwa kichwa wala haukitaarifu. Freti zote ziliwekwa mahali pake, maana shemeji alikuwa amesimama juu yake akitangaza. Daraja aliliweka peke yake, mchana mmoja tulivu, huku anamwelekeza mteja jinsi ya kufua sufu. Mkono ukafanya ulichozoea. Ulibakisha mshono kwenye gitaa!

"Mbao haina mshono," akasema Mama Futi huku anajifuta machozi ya kicheko. "Jamani, mbao haina mshono!"

Shemeji aliikunja bili yake, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Kazi ikaanza mbio. Nyuzi zilegezwe. Skrubu za daraja zitoke. Daraja lisogezwe inchi moja, na safari hii Mama Futi alipima akisema kwa sauti, "Hakuna mshono, hakuna mshono," kama anayefukuza paka. Matundu ya zamani yalizibwa kwa vijiti vya msaji na gundi, lakini matano yalibaki nyuma ya daraja yanaonekana, meusi, kama ushahidi. Alifungua kopo la vifungo akachagua vitano vyeupe vya shati, akavibandika juu yake, safu moja iliyonyooka. Besi lilipata kifua cha shati. Liliachwa gundi ikauke mpaka kesho adhuhuri, na mjomba wenu aliombwa asilikalie.

Jumamosi, saa tisa. Ukumbi ni chumba kirefu chenye viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikijisikia, na jukwaa la urefu wa hatua moja. Kinyozi alipiga kwanza. Mjomba wenu hasemi uongo juu ya adui: alipiga vizuri. Kasoro yake ilikuwa moja, alipiga noti zote, hata zile ambazo wimbo haukuzihitaji, kama anayemnyoa mtu ambaye amekuja kupunguza pembeni tu. Mpiga ngoma alimkimbiza nyimbo zote tatu na hakumshika.

Kapteni akavaa kofia vizuri. "Mama Futi."

Alipanda. Besi lilimkaa. Hilo ndilo neno, lilimkaa kama koti la arusi lililojaribiwa mara nne, mbavu ndani ya bonde lake, mkono ukifika kila mahali na ziada ikabaki. Mpiga ngoma akahesabu. Mguu wa kulia wa Mama Futi ukaanza kukanyaga mashine isiyokuwapo, ukanyagaji uleule wa miaka ishirini, na mpiga ngoma akageuka kumtazama, kwa sababu ghafla alikuwa na mahali pa kuegemea. Wimbo wa kwanza ukatembea. Wa pili ukacheza. Wa tatu ulipofika pale pake, mkono wake ukashuka shingoni hadi freti ya kumi na mbili, na shemeji, kwenye kiti cha plastiki, akafumba macho na kushika mfuko wake wa shati.

Noti ikasimama wima. Haikulegea hata unywele. Akaishikilia, akaongeza ya kumi na nne, ya kumi na sita, na Kapteni akasahau kupuliza.

Walipomaliza Kapteni hakuhutubia. Alifungua kifurushi cha mashati kilicholetwa kutoka kwa fundi Alhamisi. "La sita bado halijashonwa," akasema, "lakini sasa tunajua..." Akahesabu. Mle ndani mlikuwa na mashati sita. Akalivuta la mwisho, akalinyanyua juu. Lilikuwa fupi, mikono mifupi, jipya kabisa.

"Hili nilikwambia uliache."

"Niliacha," akasema Mama Futi. "Kwa siku mbili."

Kinyozi ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, mpeni haki yake, na akaomba aruhusiwe kuhesabu vile vifungo vya kwenye gitaa. Ndivyo dada yake mjomba wenu alivyovuka ukuta. Jumanne iliyofuata kiti chake cha kushonea kilikaa kitupu saa tisa, na besi likapanda kwa miguu yake kutoka upande wa pili.

Na ile noti ya mwisho, wapwa, ambayo mjomba wenu ameibakiza makusudi! Ilipopigwa, paa la ukumbi lilinyanyuka inchi tatu kutoka ukutani, jua likaingia, na watu mia nne waliokuwa wamejazana mle ndani wakasimama juu ya viti wakamwita mjomba wenu jukwaani, maana ndiye jiriwa, ndiye aliyelala sakafuni, na Kapteni akamshika mkono mbele ya wote akamwambia, Mzee, bila wewe bendi hii inge

Mashine imenyamaza.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Watu mia nne?"

"Ukumbi ulijaa."

"Tulikuwa kumi na mmoja, na wewe ulikuwa unakoroma kiti cha nyuma. Kapteni alikuja kukuamsha. Na hilo paa?"

"Hilo nililiona kwa macho yangu, likanyanyuka inchi, tuseme si tatu, tuseme inchi moja tu, na hiyo moja naapa kwa..."

"Hiyo moja ni ya mshono, kaka. Itoe."